Maswali Uliyoniulizia

Mji wa Kale, Mombasa
Julai, 1996

Kadzo, shoga yangu,

Nimesimama. Jumanne, kipindi cha fizikia, kwa miguu yangu hii miwili, nimeuliza swali kwa mdomo wangu mwenyewe. Nakuandikia mbiombio, hati mbaya utanisamehe.

Tangu malaria ikuchukue mwezi wa tatu, dawati letu nakaa peke yangu. Siri yetu hakuna aliyeijua: mimi naandika swali kwenye kikaratasi, nakusukumia chini ya dawati, wewe unaliuliza kana kwamba limekuzukia wewe. Swali lenyewe mara nyingi hukulielewa, lakini mwalimu ulimwelewa. Ulikuwa ukimsoma anavyofuta ubao. "Leo ngoja," waninong'oneza, "huyu kaamka na yake." Akitabasamu kidogo tu, mkono wako juu. Mimi nilijua vitabu, wewe ulijua watu.

Wakakuita Bi Swali. Na siku ile uliyouliza mbona feri ni chuma na haizami, darasa zima lilicheka, mwalimu akadhani wamfanyia mzaha, akamwita mamako. Mama akaacha meza yake ya mahamri pale kivukoni Feri, akaja kusimama ofisini kama mwenye kosa. Swali lilikuwa langu, Kadzo. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari. Ulipotoka ulinikonyeza tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ulipoondoka, maswali yalijaa nyuma ya daftari langu, kurasa nne. Alama zikaporomoka. Nikawa nalia chooni, naosha uso, narudi darasani nasema macho yaniwasha. Ndivyo nilivyo mimi, jambo likinizidi nalificha.

Basi Jumanne mwalimu akauliza nani ana swali. Wote wakainamia madaftari. Akasema, "Darasa hili limemkosa Bi Swali." Halikuwa dhihaka. Alikuwa akifuta mahali palipokwisha kuwa safi ubaoni, na mimi nikaona. Nilimsoma, Kadzo, mimi! Nikasimama. Kiingereza kikanitoroka, nikaanza upya, nikauliza kwa nini maji ya mtungi hupoa na ya ndoo hayapoi.

"Kumbe bubu ana ulimi," akasema Zuhura kule nyuma. Wakacheka, nami nikacheka. Kisha, sijui nguvu ilitoka wapi, nikasema na maswali ya Kadzo yote yalikuwa yangu, hata lile la feri.

Mwalimu akaweka chaki mezani. "Basi kuna mama nilimkosea," akasema. Halafu akaanza kueleza habari ya mtungi.

Leo Jumamosi nimeshuka Feri kwa mamako. Hata shikamoo nilisahau, nikayamwaga yote palepale mbele ya wateja. Yeye anageuza mahamri tu.

"Maimuna, mimi nilijua siku ileile," akaniambia. "Mwanangu tangu lini akawaza habari za chuma? Lakini jibu aliwauliza mabaharia hapa Feri, akaja nalo nyumbani." Akachukua sufuria, akaiweka ielee kwenye beseni la maji. "Waona? Yabebwa na maji inayoyasukuma." Watu wa foleni wakanyoosha shingo. Mamako afundisha fizikia, Kadzo, mikono imejaa unga. Na mwalimu alikuwa ameshapita jana kumwomba radhi.

Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuwahi kuniambia. Kila asubuhi ya fizikia tumbo lilikuwa likikukata. Alipokuuliza mbona basi waendelea, ulimjibu kwamba ukiogopa kwa ajili ya mwenzio, woga huwa mwepesi.

Mimi nilidhani wewe huogopi. Miaka miwili dawati moja, nisijue. Nilikaa pale kwenye ngazi za Feri nikilia na kucheka, hamri mkononi, na mara hii sikumwambia mtu kwamba ni macho.

Kwaheri, shoga yangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi swali sitalifungia tena daftarini. Jumatatu ni hesabu, na yale ya duara sijayaelewa hata chembe. Nitasimama, tumbo na linikate.

Wako,
Maimuna