Dhamana Imenikwamisha Ugiriki

Zorica rafiki yangu, nimeegesha pembeni nikupigie! Kadi imekataa kwenye kizuizi cha kulipia barabara. Mara tatu!

Yule wa gari la kukodi si aliniambia, "Dhamana ni euro elfu moja tu, dada, utarudishiwa"? Benki yetu kule nyumbani ikazibadilisha kuwa dinari zetu kwa bei ya kinyang'anyi, ikashikilia akaunti nzima!

Pale kizuizini, nyuma honi. Mbele chuma kimeshuka. Na pembeni yangu mama mkwe, aliyenikataza kukodi!

Akafungua ile bahasha ya pesa za mazishi yake. Za mazishi, Zorica! Akatoa euro mbili.

"Shika, mwanangu. Vizuizi bado vinne. Kila kimoja utaniomba."