Wimbo Ulioukana

Kaka yangu mpendwa,

Hatujambo. Goti la mama limepoa, na paa tumeliziba.

Umeniandikia kwamba ule wimbo wako wa roki ulikuwa uongo wa ujana, kwamba uliimba kutakucha na hakukupambazuka. Basi sikiliza. Juzi msimamizi wa kiwanda alimfukuza mshonaji mwenzangu kwa kuwa ana mimba.

"Chukua mkoba wako, utoke!"

Mwenzangu akabaki amesimama, analia. Nikaanza kuimba wimbo wako, na sauti yangu unaijua ilivyo mbovu. Tulipofika kwenye kiitikio, ukumbi mzima ulikuwa umezima cherehani na kuimba. Hata wasichana waliozaliwa baada ya wewe kuutunga wanaujua neno kwa neno! Msimamizi alifoka mpaka koo likamkauka. Mwenzangu akarudi kwenye cherehani yake.

Aliyefukuzwa ni mimi. Usinionee huruma.

Wimbo ule haukuahidi kwamba kutakucha, kaka. Unatuambia tusimame kungali giza. Ukitaka, likane jina lako kama mtunzi, lakini wimbo si wako tena. Kesho wenzangu wanagoma mpaka nirudishwe, na mimi nitakuwa getini, mbele yao.

Ni mimi mdogo wako, nisiyenyamazishika.