Simu ya Baba Katika Chumba cha Manjano

Mama yangu,

Hujambo? Kifua kimepoa ama baridi ya Molo bado inakusumbua? Mimi mwili uko sawa. Moyo ndio umenilemea, ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Kwa simu ningelia, wewe nawe ungelia, na hatungefika popote.

Unajua kazi yangu huku Ujerumani. Tunajenga nyuzi za DNA juu ya kioo, ambazo hospitali hutumia kupimia magonjwa. Kioo kinamwagiwa dawa, kisha tunakimulika. Pale mwanga unapogusa, dawa inageuka asidi, asidi inafungua ncha ya uzi, na kipande kimoja kipya, sisi tunakiita herufi, kinashika. Penye giza hapashiki kitu. Tunarudia hivyo siku nzima, herufi kwa herufi, chumbani mwenye taa za manjano tu, kwa sababu mwanga mwingine ukiingia unaharibu kila kitu.

Nilipomweleza Baba alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ni stoo ya viazi! Sasa nilikusomesha miaka yote hiyo ndio ukafunge mlango?" Wueh, Baba! Tangu tukiwa wadogo alitugombeza kwa huo mlango, eti tukiuacha wazi mwanga utaingia, viazi vitageuka kijani na nani atanunua viazi vichungu.

Mama, nilikudanganya. Nilikwambia siku ile simu niliiacha nje ya chumba cha kazi. Haikuwa nje. Ilikuwa mfukoni, kinyume cha sheria, na ikatetemeka. Saa kama ile ni Baba tu aliyekuwa akinitafuta. Lakini unamjua, yeye alikuwa mtu wa kuflash: mara moja, anakata, nami nampigia. Siku hiyo haikukatika. Ilitetemeka mpaka ikanyamaza, ikaanza tena. Nilijua hiyo si flash. Nilijua, Mama! Na sikuitoa, nikiogopa mwanga wake utaharibu kioo kilichobakisha herufi mbili tu. Nikasema, acha kwanza nimalize. Nilipotoka nikapiga, ukashika wewe, na nyuma yako watu walikuwa wanalia.

Kioo kilitoka safi. Bosi akanipongeza mbele ya wenzangu. Nakichukia kile kioo.

Kaka Kamau ameniambia siku ya mazishi watu walitoa viti stooni wakaacha mlango wazi, na sasa viazi vya mwisho vya Baba vimegeuka kijani. Usivitupe. Haviliki, lakini vitaota. Mwambie avipande kule juu, karibu na kaburi.

Nisalimie huyo Kamau, na shangazi wa mtaa wa Section 58 aliyekushika mkono kaburini mahali pangu, na mama jirani anayekukamulia ng'ombe siku hizi.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na usinionee huruma. Wewe ulikuwa umekaa kando yake akinipigia. Nilipokosa kushika mara ya pili, Baba alisema nini?

Ni mimi binti yako,
Wambui