Wati Mia Chini ya Mkeka

Kwako Mjomba wangu,

Tangu tukuzike nimekuwa nikikusimulia mambo kimoyomoyo, lakini hili la Jumamosi nimeona niliandike.

Unakumbuka ule mchana nyumbani kwetu Magomeni, ulipofungua soketi ukanipa mita yako ya kupimia umeme nishike? Nilikuwa kidato cha pili. Darasani nilinyamaza hata nilipolijua jibu, na wewe ulijua, ndiyo maana hukuniuliza chochote. Ulinipa penseli. Volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati. Kisha ukautazama ukuta mtupu, ukatabasamu, ukasema, "Waya nao unakula umeme, mpwa wangu. Volti zinazopotea njiani hazipotei. Zinageuka joto."

Niliandika, ila sikuelewa. Nimeelewa Jumamosi, siku ya kumtoa mwali.

Mwali alikuwa Zuhura, mdogo wangu uliyezoea kumbeba mabegani. Alikaa kwenye mkeka, kafunikwa kanga, haruhusiwi kusema wala kunyanyuka mpaka kungwi amwinue. Mama Mkubwa alikuwa ameazima waya mrefu, akavuta umeme kutoka sebuleni hadi chumbani kwa ajili ya feni na birika kubwa la chai ya wageni. Waya uliozidi aliukunja, akauficha chini ya mkeka uleule ili chumba kipendeze.

Kila birika lilipowashwa, feni ilizubaa. Birika likiwa linawaka, nikachukua mita yako. Sebuleni, volti 230. Mwisho wa waya, 220. Penye kiungo cha solotepu, nyaya mbili za ndani zilipoachana, nikabana mmoja kwa taya za mita: ampea kumi. Volti kumi zimepotea njiani. Kumi gawanya kwa kumi, ukinzani wa waya ni ohm moja. Kumi zidisha kwa kumi, wati mia. Ni kama globu ya wati mia inawaka humo ndani, hakuna anayeiona, na sehemu yake kubwa iko chini ya mdogo wangu.

Chumba kilijaa mama zangu, wanaimba. Nilimvuta Mama Mkubwa kanga nikamwambia, hakusikia. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Zimeni birika. Mwinueni Zuhura."

Wimbo ukakatika.

"Kumbe huyu naye ana mdomo," shangazi mmoja akasema, wakacheka.

Kungwi hakucheka. Alisema mwali hainuliwi kabla ya wakati wake bila sababu.

"Sababu iko chini ya mkeka, bibi. Waya unaungua."

"Umeugusa?"

"Sijaugusa. Nimehesabu."

Akamshika Zuhura mkono, akamwinua. Tulipofunua, plastiki ya waya ilikuwa imelainika na kugandana, na ukili wa mkeka umeanza kuwa kahawia.

Jioni Zuhura aliniambia kwamba alihisi joto tangu chai ya kwanza. Alinyamaza kwa kuwa mwali hasemi.

Nimelia sana kwa hilo. Halafu nikarudia hesabu kwenye karatasi, polepole, nikaona ni zilezile. Namba tatu tu, Mjomba, na ziliniambia alichoshindwa kusema mdogo wangu. Sasa najua ulichokuwa ukikiona ulipokuwa unatazama ukuta mtupu na kutabasamu.

Mola akulaze pema. Zuhura mzima, anakusalimu.

Mimi mpwa wako