Chuma Kilichochongwa kwa Mwanga

Mogogosiek, 14 Juni 1997

Baba mpendwa,

Niliahidi kukueleza yote ya safari yetu ya shule, na sitaficha kitu. Leo fundi wa kiwanda cha chai alituonyesha chuma kilichochongwa ng'ambo kwa mwali wa leza, mwanga mkali unaokata chuma. Mistari yake ni myembamba kuliko mishipa ya jani la chai.

Nikauliza, "Cheche hazirukii macho?"

Akacheka. "Mashine ya huko imefunikwa yote, msichana. Kwani unataka kazi yangu?"

Sikucheka. Nilikumbuka cheche iliyokutoa jicho ukinoa meno ya mashine ya kusaga chai, na jinsi ulivyonikataza fizikia baadaye. Mungu alilinde jicho lililobaki.

Fomu ya kuchagua masomo inarudishwa mwisho wa mwezi. Baba, utanitilia sahihi nisome fizikia?

Binti yako,
Chelang'at