Mshindi wa Riwaya ya Ishaka

Shoga Dhahabu, keti kwanza. Ishaka wetu nusura aue mtu leo.

Si lile shindano lake la Facebook, la kugawa riwaya kabla haijafika madukani? Aliuliza: mzee wa Likoni aliyemo kitabuni alikuwa ameshika nini alipokatwa mapanga mlangoni? Watu wakataja tasbihi, msahafu, bakora. Mmoja tu akapata: birika la udhu.

Birika, Dhahabu! Na wajua yule mzee ndiye babake Ishaka, aliyeuawa kwenye ghasia za mwaka wa tisini na saba. Aliyeliona ni Ishaka peke yake, mtoto, uvunguni mwa kitanda. Kwa furaha ya kupata mshindi hakujiuliza huyu kajuaje.

Mshindi kaja Kisauni kuchukua kitabu. Mtu mzima, mvi tele, mpole. Ishaka akampa shikamoo, akamtilia saini, wakapigwa picha wamekumbatiana. Ndipo akamuuliza, "Ulibahatishaje, mzee?"

"Sikubahatisha. Liliniangukia mguuni."

Liliniangukia mguuni! Wallahi Ishaka alimrukia kooni, akambamiza ukutani mpaka damu ikatapakaa vitabuni. Yule mzee hata mkono hakuinua.

Sasa Ishaka yuko kituoni, amefungwa pingu. Na ile picha bado iko Facebook, watu wanamwandikia mshindi hongera.