Namba Nyeusi Juu ya Jezi Nyeusi

Loretta, uko? Nina hasira leo.

Unakumbuka nilivyowaambia pale chuoni, jezi nzuri ni ile mzazi aliyekaa juu kabisa jukwaani anasoma namba ya mwanawe? Yule mbunifu wa jezi za timu akanicheka. "Bi. Darlene, wewe tushonee tu. Nyeusi juu ya nyeusi inatoka vizuri kwenye picha."

Inatoka vizuri kwenye picha. Hebu fikiria.

Leo kwenye mechi kijana wa Bi. Novak kavunjika mguu, katolewa kwa machela. Bi. Novak mwenyewe kaendesha gari masaa saba kutoka Toledo kuja kumtazama. Wakivaa helmeti zile za kufunika uso, wote sura moja. Machela ikipita, akawa anapiga makofi ya pole kama wengine.

Nimemkuta sasa hivi mlangoni kwa daktari. Kaniambia, "Darlene, nilimshukuru Mungu kwamba si wangu."